Kule Kana Hakuuliza Bajeti



Wiki jana baada ya maombi ya Jumatano, ndugu mmoja alibaki nyuma akinisaidia kupanga viti. Amenipa ruhusa nisimulie, jina nalihifadhi. Anaendesha bodaboda hapa mjini, mama watoto anauza mboga sokoni. Wameishi pamoja miaka sita na Mungu amewapa watoto wawili. Akaniuliza, "Pasta, mimi na mama tutashiriki Meza ya Bwana lini?" Nikamjibu nilivyozoea: mkifunga ndoa. Akainamisha kichwa. "Kamati ilituambia laki tatu, Pasta. Tukaona tungoje."

Sikulala vizuri usiku huo. Nilikumbuka kikao chenyewe. Nilikuwepo. Bajeti iliposomwa, hema, keki, mpiga picha, magari ya msafara, sare za wasimamizi, nilitikisa kichwa kama wengine, kisha nikafunga kikao kwa maombi. Nani basi aliyeweka shilingi 300,000 kati ya yule ndugu na Meza ya Bwana? Si Yesu. Ni sisi, na mimi nikiwa mmoja wao.

Soma Yohana 2 polepole. Pale Kana divai iliisha karamu ikiendelea. Yaani bajeti haikutosha! Yesu hakuwaambia maarusi warudi kwao wakajipange, waje tena Desemba. Alikuwa mgeni kwenye harusi iliyopungukiwa, na ishara yake ya kwanza aliifanya hapo hapo, kwa maji yaliyokuwa karibu.

Wengi mnakumbuka habari za Wilson na Ann Mutura. Walikuwa wameahirisha harusi yao kwa kukosa pesa, kisha Januari 2017 wakasimama kanisani Nairobi na kufunga ndoa kwa shilingi 100, bei ya pete mbili. Kenya nzima iliguswa. Wahisani wakajitokeza, na Februari 14 wakafanyiwa harusi nyingine, ya kifahari. Siwalaumu wahisani, walitoa kwa moyo. Ila hunisumbua kwamba tuliona ile ya pili ndiyo harusi, ya kwanza tukaifanya kisa cha kusikitisha. Mbele za Mungu walishakuwa mume na mke tangu Januari.

Na tuangalie nyumbani Ukambani. Sisi wahubiri tumewasema sana wazee wetu juu ya mahari. Lakini mzee Mkamba anataka nini kwanza? Mbuzi wa ntheo. Hao wakifika na mambo yakafanywa ipasavyo, binti anahesabiwa kuwa mke. Mengine hulipwa polepole, hata kwa miaka mingi. Wazee walijua kijana hana kila kitu siku moja. Kanisa ndilo linalodai yote yalipwe Jumamosi moja, kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni, pamoja na picha za People's Park.

Sheria nayo haidai makuu. Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka wawili waliotimiza miaka 18 na waliokubaliana kwa hiari yao, mhudumu wa kanisa mwenye leseni na mashahidi wawili. Keki haimo.

Dada mmoja akisoma hapa atasema, "Pasta, harusi ni mara moja, nami nimetamani gauni tangu utotoni." Dada yangu, sikukatazi gauni. Kuna kina mama hapa kanisani ambao gauni zao zimekaa ndani ya sanduku tangu siku ile. Azima. Fundi wetu wa cherehani atapunguza kiuno. Kama wazazi wako wanao uwezo na wanataka kuchinja ng'ombe, tutakula na kumshukuru Mungu. Ninachokataa ni mkopo wa simu wa kulipia hema. Nimewahi kuketi na wanandoa wa miezi minne ambao ugomvi wao wa kwanza ulikuwa deni la harusi, na Januari karo ya mdogo wa bwana arusi ikawa inangoja. Michango nayo imechosha watu. Wengine huona jina langu kwenye simu wakadhani ni kundi jingine la WhatsApp la harusi, wasipokee.

Hivyo nimeongea na wazee wa kanisa, na hatukukubaliana upesi. Mzee mmoja aliogopa watu watasema kanisa letu ni la maskini. Nikamwambia, mzee, ni kweli, na ndimo nilimookokea.

Tumeamua hivi. Wanaoishi pamoja na wako tayari, tutawatangaza Jumapili tatu mfululizo. Ya nne, ibada ikiisha, hakuna kuondoka: wataapa pale mbele, wakiwa na nguo zao safi za Jumapili. Kina mama watapika muthokoi na chai ya kututosha sote. Kanisa halitatoza chochote. Wazazi wa pande zote mbili lazima wajue, na kama ntheo haijaenda, nitawasindikiza mimi mwenyewe.

Yule ndugu na mama watoto wataanza kutangazwa Jumapili hii. Kama nawe uko hali hiyo, nipate ofisini Alhamisi kuanzia saa nane. Njooni wote wawili, na vitambulisho.