Dawa ya Jino Si Koleo

Ipo misemo ambayo watu huirithi kwa wazee wao kama wanavyorithi mashamba, wakaitumia bila ya kupima mipaka yake. Mmoja katika misemo hiyo ni huu: dawa ya jino ni kung'oa. Mzazi humwambia mtoto, jirani humwambia jirani, na mara nyingine husemwa na yule yule aliyeshika koleo mkononi. Husemwa kwa sauti ya hekima. Lakini ukiuchungua vema, msomaji, utaona kuwa si hekima bali ni uvivu uliovaa kanzu ya hekima. Dawa ni kitu kirudishacho uzima kwa kilicho kigonjwa. Ikiwa kung'oa ni dawa ya jino, basi kupofua ni dawa ya jicho na kukata ni dawa ya mguu. Hapana mtu mwenye akili timamu atakayekubali hukumu hiyo juu ya jicho lake pasipo kuuliza maswali mengi. Kwa nini aikubali juu ya jino lake pasipo kuuliza hata moja?

Sisemi kuwa koleo litupwe. Mahakama ya haki ina adhabu nyepesi na ina adhabu nzito. Lakini mahakama itoayo adhabu nzito kwa kila kosa, kubwa na dogo, si mahakama tena, ni dhuluma. Nisemalo ni kwamba kung'oa jino la ukubwani kuwe hukumu ya mwisho, itolewe baada ya ushahidi kusikilizwa, wala kusiwe salamu ya kwanza anayopokewa nayo mgonjwa mlangoni.

Tutazame kwanza mshtakiwa ni nani. Jino limefunikwa kwa enameli, kitu kigumu kuliko vyote mwilini mwa binadamu, hata mfupa. Chini ya enameli ipo dentini, ambayo ni laini zaidi. Na ndani kabisa kipo kiini chenye mishipa ya damu na ya fahamu. Vijidudu vikaavyo kinywani hula sukari tunayokula, kisha hutoa asidi, na asidi hiyo huyeyusha madini ya enameli. Mate hujitahidi kuyarudisha madini hayo; lakini mtu anyonyaye peremende na kunywa soda kutwa nzima huyanyima mate nafasi ya kufanya kazi yake. Hivyo ndivyo jino linavyooza. Halilogwi, wala halitafunwi na mdudu mwenye kichwa na mkia.

Sasa zingatia jambo hili, kwa maana ndilo msingi wa hoja yote: uharibifu huu huenda kwa hatua, na kila hatua ina tiba yake. Mwanzo huonekana doa jeupe tu juu ya enameli. Hapo bado hapana tundu, na kusugua meno mara mbili kwa siku kwa dawa yenye madini ya floridi, pamoja na kupunguza sukari, kwaweza kulizuia doa lile, hata kulirudisha nyuma. Doa likiachwa huwa tundu; tundu likifika kwenye dentini, jino hushtuka kwa maji baridi au kitu kitamu, kisha hutulia. Hapo jino huchimbwa, husafishwa na kuzibwa, na mwenyewe hurudi kazini siku ile ile. Tundu nalo likiachwa huingia katika kiini. Hapo maumivu huja yenyewe bila ya kuitwa, hupiga kama ngoma, na huzidi usiku mtu akilala. Hata hapo jino halijafa lote. Daktari aweza kukitoa kiini kilichougua, akaisafisha mifereji ya mizizi, akaiziba, kisha akalijenga jino juu yake. Wahenga walisema kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta, na sidhani kama walikuwa na kitu kinachowafaa zaidi kwa mfano huo kuliko jino.

Wengi hudanganyika katika hatua inayofuata. Kiini kikifa, maumivu yaweza kukoma. Mwenye jino hushukuru, husema limepona lenyewe, na huahirisha safari ya hospitali. Limenyamaza kama nyumba ambayo mwenyewe amekufa ndani yake. Vijidudu huendelea kushuka mizizini, usaha hukusanyika katika mfupa wa taya, na siku moja shavu huvimba. Kimya cha jino lililokuwa likiuma si habari njema. Ni onyo la mwisho.

Wewe usomaye ukurasa huu shuleni una sababu ya pekee ya kusikiliza. Mtoto afikapo umri wa miaka sita hivi, huota magego manne ya kwanza ya ukubwani, mawili juu na mawili chini. Magego hayo huota nyuma ya meno yote ya utoto, wala hayasukumi jino lolote litoke. Kwa sababu hiyo wazazi wengi huyadhani kuwa ni ya utoto. Likitoboka moja, husema, "Acha, litang'oka, litaota jingine." Halioti jingine! Lile ndilo la kwanza na ndilo la mwisho. Mwanafunzi wa miaka kumi na sita amekwisha kulitumia gego hilo miaka kumi, na akijaliwa umri mrefu atalihitaji miaka hamsini zaidi. Anayelipeleka kwenye koleo kwa sababu ya tundu lililoweza kuzibwa ameuza mali ya miaka hamsini kwa raha ya jioni moja.

Watasema, "Jino moja ni kitu gani? Yamebaki thelathini na moja." Hesabu hiyo ni sahihi kwa mawe, si kwa meno. Meno ni kama watu waliosimama kwa kuegemeana. Gego moja likiondoka, jirani yake wa nyuma huinama polepole kuelekea pengoni, na lile lililokuwa likikutana nalo kutoka taya la pili, likikosa wa kusagana naye, huanza kushuka au kupanda. Mfupa uliokuwa ukiushika mzizi hupungua, kwa kuwa hauna tena kazi. Chakula huanza kukwama mahali ambapo hakikuwa kikikwama, na palipokwama chakula huoza jino jingine. Koleo laweza kuitwa tena, na tena. Meno ya bandia yapo, na ni msaada kwa aliyekwisha kupoteza ya asili. Lakini wazee wetu wa pwani walikwisha kutuambia kuwa jino la pembe si dawa ya pengo.

Sasa tuwasikilize wapinzani, maana hoja isiyojibu wapinzani wake ni nusu ya hoja.

Mpinzani wa kwanza husema: jino lililotolewa kiini ni maiti, na maiti hazikwi kinywani. Ni usemi wenye kutisha, lakini hauna ukweli. Mzizi wa jino haukugandamana na taya kama msumari ubaoni. Umeshikwa na nyuzi ndogo zilizo hai, zinazolishwa kwa damu ya mfupa na ufizi, si kwa damu ya kiini. Kiini kikitolewa, nyuzi hizo huendelea kuishi, na jino huendelea kutafuna. Ni kweli kwamba jino hilo, kwa kuwa limepungua mwili, laweza kuvunjika kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo gego lililotibiwa hivyo aghalabu huvikwa kofia ngumu ya kulilinda. Huo ni udhaifu wenye kinga. Si sababu ya kulitupa.

Mpinzani wa pili husema: jino bovu hutia sumu mwili mzima, basi heri kuling'oa mapema. Hoja hii ina historia, na historia yake yapasa kutuogofya. Mwaka 1910 tabibu Mwingereza, William Hunter, alihutubia mjini Montreal, Kanada, akashutumu kazi mbaya ya meno iliyofunika usaha kwa dhahabu. Katika shutuma hiyo alikuwa na haki. Lakini waliomfuata hawakusema kazi mbaya ifanywe vizuri. Walisema meno yang'olewe. Huko Marekani, Henry Cotton, mkuu wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Trenton katika jimbo la New Jersey, aliamini kuwa wazimu hutoka kwenye usaha uliojificha mwilini. Aliwang'oa wagonjwa wake maelfu ya meno, wala hakuwasaza wanawe mwenyewe wawili. Wazimu haukuponywa kwa koleo. Sayansi ilipochunguza kwa makini, imani ile ikaporomoka. Ila meno yaliyong'olewa hayakurudi. Ugonjwa wa jino hauna budi kuondolewa, hilo hapana abishaye. Lakini kuondoa ugonjwa ni jambo moja, na kuondoa jino ni jambo jingine.

Wala mtu asidhani kuwa kung'oa ni ada ya watu maskini peke yao. Waingereza, walioitawala nchi yetu hata mwaka 1963, walikuwa mabingwa wa jambo hili kwao. Uchunguzi wa mwaka 1968 ulionyesha kuwa katika England na Wales watu wazima 37 katika kila 100 hawakuwa na jino hata moja la asili. Uchunguzi wa mwaka 2009, uliotia ndani Ireland ya Kaskazini pia, ulikuta 6 tu katika kila 100. Taya la Mwingereza halikuumbwa upya katika miaka hiyo. Dawa ya meno yenye floridi ilienea, tiba ya kuhifadhi ikazoeleka, na fikira ikabadilika. Kilichowezekana kubadilika huko chaweza kubadilika hapa.

Mpinzani wa tatu ndiye mwenye nguvu, na ni lazima tumheshimu. Yeye husema: kung'oa ni rahisi, kutibu ni ghali, nami sina fedha. Simlaumu mtu huyu. Mama aliyetembea tangu alfajiri na mtoto aliyevimba macho kwa kukosa usingizi hastahili kuhubiriwa. Lakini hebu na tutazame hesabu yake mpaka mwisho. Koleo ni rahisi leo tu. Kesho pengo litadai jino la bandia, na kesho kutwa litadai tiba ya jirani aliyeinama. Tena kuziba tundu dogo si kazi ya matajiri. Katikati ya miaka ya 1980, jirani zetu wa Tanzania walionyesha njia: pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilianzishwa tiba ya kuchimbua uozo kwa vyombo vya mkono tu, bila umeme wala mashine, kisha kuziba tundu kwa saruji ya meno. Leo saruji itumikayo aghalabu ni ile iitwayo glasi ayonoma, ambayo hushikana na jino na kutoa floridi. Tiba hiyo haifai kwa jino ambalo kiini chake kimekwisha kuoza. Lakini kwa tundu dogo ni rehema, na yaweza kufanywa chini ya mwembe. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliitia saruji hiyo katika orodha yake ya dawa za lazima. Basi ikiwa katika zahanati ya kijiji mgonjwa hakuti ila koleo, tusiseme ni umaskini wake uliochagua. Wamemchagulia wale waliopanga vyombo kabatini.

Nimekwisha kusema kuwa koleo lina mahali pake, nami nitapataja bila ya kusitasita. Jino lililopasuka mpaka mzizini haliungiki. Jino lililooza hata halikubaki la kushika kiraka halina la kuokolewa. Jino linalotikisika kwa sababu mfupa wake umekwisha kuliwa na ugonjwa wa fizi aghalabu haliponi. Gego la mwisho lililokwama kwa upande, likivimba na kuuma mara kwa mara, ni heri litoke. Na shavu likivimba pamoja na homa, au uvimbe ukishuka shingoni hata kumeza na kupumua kukawa shida, usikae nyumbani kulitetea jino: kimbilia hospitali saa ile ile, maana uvimbe huo waweza kuua. Anayetumia hoja yangu kuahirisha tiba hakuielewa. Kuhifadhi jino ni kuwahi.

Basi ukiketi katika kiti cha daktari, usifumbe macho na kufumbua mdomo tu. Uliza: Je, kiini kingali hai? Picha ya eksirei yaonyesha nini? Laweza kuzibwa, au kutibiwa mizizi? Likitibiwa, litadumu kwa kadiri gani, na kwa gharama gani? Likitolewa, pengo litafanywa nini? Daktari mwema hatakasirika kwa maswali haya. Atafurahi kuwa amepata mgonjwa mwenye akili. Akikujibu kwa haki kuwa jino halina tumaini, mwachie koleo lake kwa moyo mweupe.

Na ukiwa mtu mzima, mwenye kura na sauti, uliza swali jingine mbele ya walio wakubwa. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, humpa kila mtu haki ya kupata kiwango cha juu cha afya kinachowezekana, na hospitali nyingi zimewekwa mikononi mwa kaunti. Uliza kama katika hospitali ya kaunti yako vyombo vya kuziba jino vipo pamoja na vya kuling'oa. Kama havipo, usinyamaze. Kwa maana mgonjwa aliyepewa njia moja tu hakupewa ruhusa ya kuchagua, amepewa amri ya kutii.