Mwanasheria umtafute kabla ya kulipa

Ukikaa wodini utasikia habari nyingi za viwanja. Familia nyingi hapa nchini hutibu mgonjwa kwa kuuza ardhi. Iwe figo, saratani au ajali ya bodaboda, bili ikipanda kinachotajwa kwanza ni kile kiwanja cha Chanika au nyumba ya kupangisha. Dalali akishapata habari, mnunuzi mwenye fedha taslimu hachelewi, maana bei ya dharura huwa nafuu.

Leo nazungumza na huyo mnunuzi. Wengi ni vijana wa rika langu, wamechukua mkopo kazini na wanataka nyumba ya kuwaingizia kodi. Kwa wakili huwaoni mpaka siku wanapoitwa Baraza la Ardhi na Nyumba. Hapo wameshamchelewesha mgonjwa.

Chukua nyumba ya wanandoa. Hati ina jina la mume peke yake, mjumbe yupo, mashahidi wapo, mnunuzi anaona mambo safi. Lakini Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inamkataza mwanandoa kuuza, kugawa, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Mke ambaye jina lake halimo kwenye hati bado ana masilahi katika nyumba hiyo, na sheria inamruhusu kuyalinda kwa kuweka zuio kwenye rejista ya ardhi. (Kina mama, hili ni lenu pia. Wachache mno wanalijua.) Akienda kulalamika, mauziano yanaweza kubatilishwa. Utadai fedha zako kwa nani, wakati zilishalipwa hospitali?

Basi muulize muuzaji kama ana mke, tena uulize kama ni mmoja. Jibu la "tuliachana" lisikutoshe, omba hati ya talaka. Ridhaa iwe ya maandishi na mke mwenyewe aje asaini mbele ya wakili, isiletwe karatasi iliyokwisha sainiwa nyumbani.

Nyumba ya marehemu ina mtego wake. Ukoo ukishakaa na kumpendekeza kaka mkubwa, yeye hujiona tayari msimamizi wa mirathi, na wanunuzi humwamini kwa sababu ana muhtasari wa kikao wenye saini za wazee. Kikao kinapendekeza tu, anayeteua ni mahakama. Kabla ya hapo kaka hana mamlaka ya kuuza hata bati moja. Hata akishateuliwa, wakili wako atataka kujua warithi ni akina nani, kama kuna watoto wadogo, na kama mjane bado anaishi humo ndani.

Shamba la kijijini nalo lina Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999. Ardhi hiyo inasimamiwa na halmashauri ya kijiji, kwa hiyo muhuri wa mwenyekiti peke yake usikupe usingizi.

Kiwanja kikiwa na hati, wakili atafanya upekuzi kwa Msajili wa Hati aone mmiliki ni nani, kama kuna rehani ya benki au zuio. Awe wakili wako, si yule aliyeletwa na dalali, ambaye mara nyingi ndiye wa muuzaji. Asiye na uwezo wa kumlipa aulize kuhusu watoa msaada wa kisheria wanaotambuliwa chini ya sheria ya mwaka 2017.

Najua utaambiwa mgonjwa anasubiri, lipa leo. Ikiwa kweli roho inakuuma, wapeleke hospitali kiasi unachoweza na muandikiane kuwa ni mkopo. Usiuite malipo ya awali ya nyumba mpaka majibu ya upekuzi yatoke na mke awe amesaini.