Ini la Mtoto na Matumbo Yake

Wazazi wa Bangboka, tusidanganywe na mashavu yaliyojaa ya mtoto alaye muhogo tu. Huenda ni bwaki, kama waitavyo ndugu zetu wa Kivu: miguu huvimba, nywele hubadilika rangi, na ini hujaa mafuta, hata kama mtoto hali vyakula vya mafuta. Ini hukosa protini ya kuyasafirisha. Tena damu itokayo matumboni hupita kwanza katika ini; matumbo yakidhoofika, sumu ya vijidudu hupenya humo. Mwaka 2013 wataalamu walieleza habari za mapacha wa Malawi: nyumba moja, chakula kimoja, mmoja akavimba, mwenziwe akawa mzima, vijidudu vyao vya matumboni vilitofautiana. Basi samaki wote wasiuzwe Kisangani, wala wasiliwe na baba peke yake. Mtoto aliyekwisha kuvimba apelekwe kwa mganga wa hospitali siku ile ile.