Serumu nyingi si tiba ya kila mgonjwa

Katika vituo vingi vya afya hapa kwetu, mgonjwa mahututi ambaye hajatundikiwa serumu huonekana kama ametelekezwa. Familia inalalamika. Muuguzi naye, akiona presha imeshuka, anafungua chupa ya pili, kisha ya tatu. Nia ni njema. Lakini tafiti zilizofanywa kwa majirani zetu zinaonya kwamba desturi hii inaweza kuua.

Tunazungumzia mshtuko wa sepsisi: maambukizi yanausumbua mwili mzima, presha inaanguka, na figo, mapafu na ubongo vinakosa damu ya kutosha. Malaria kali, nimonia au maambukizi baada ya kujifungua vinaweza kumfikisha mtu huko.

Mwaka 2017 yalitolewa matokeo ya utafiti wa Lusaka, Zambia, uliofanywa kwa watu wazima zaidi ya 200 wenye sepsisi na presha ya chini, wengi wao wakiishi na virusi vya UKIMWI. Kundi moja lilipewa serumu nyingi haraka, dawa za kupandisha presha na damu kwa mpango maalum. Kundi lingine lilitibiwa kama kawaida ya hospitali. Katika kundi la kwanza walikufa 51 kati ya 106. Katika la pili, 34 kati ya 103.

Kabla ya hapo, mwaka 2011, utafiti wa watoto 3,141 nchini Uganda, Kenya na Tanzania ulionyesha jambo hilohilo. Waliomiminiwa serumu kwa haraka walikufa zaidi ya asilimia 10 ndani ya saa 48. Wasiomiminiwa, asilimia 7.3. Na wengi hawakuuawa na maji mapafuni, kama waganga walivyohofia, bali moyo na mzunguko wa damu vilishindwa. Hata Marekani, kwenye mashine za kila aina, utafiti wa mwaka 2023 haukuona faida ya kutoa serumu nyingi kuliko kidogo.

Mtu asitumie maneno haya kumnyima serumu mgonjwa wa kipindupindu. Huyo amepoteza maji, na bila kurudishiwa atakufa. Tofauti hiyo ndiyo muuguzi wa kijijini anapaswa kufundishwa, na sasa mara nyingi anaachwa peke yake usiku na chupa na sindano tu.

Kinachookoa katika sepsisi ni antibiotiki mapema. Miongozo ya kimataifa inataka itolewe ndani ya saa moja mtu akiwa katika mshtuko. Kwetu saa hiyo inaishia dirishani, ndugu wakitafuta faranga za kulipia fishi na kukimbia famasia. Hapo ndipo serikali ina deni. Wizara ya Afya iagize dozi ya kwanza itolewe kabla ya malipo, na iilipie.

Kuna pia kipimo kisicho na gharama: bonyeza ncha ya kidole mpaka iwe nyeupe, achia, hesabu sekunde mpaka rangi irudi. Utafiti wa Amerika ya Kusini wa mwaka 2019 ulionyesha kwamba kuongoza matibabu kwa kidole hakukuwa kubaya kuliko kuongoza kwa kipimo cha maabara. Wauguzi wetu wana vidole na saa. Kinachokosekana ni mafunzo, oksijeni, na mtu wa kuwaambia lini waache kuongeza chupa.