Kinga Itangulie Shambulio

Watoto wa shule za msingi hushikana mieleka hata wasipofundishwa na mtu. Wakati wa mapumziko mkubwa humwangusha mdogo, naye mdogo, asiyejua kuanguka, huumia mkono au kichwa. Kwa hiyo suala si kama wafundishwe mchezo huo au la, bali ni lipi litangulie. Rai yetu ni kwamba kinga itangulie shambulio.

Rai hiyo si ngeni. Jigoro Kano, aliyeanzisha judo mjini Tokyo mwaka 1882 kutokana na jujitsu ya kale, alikuwa mwalimu, na kwa miaka mingi aliongoza chuo cha ualimu. Katika judo mwanafunzi hujifunza kuanguka kabla ya kuangusha. Mwanafunzi wake, Mitsuyo Maeda, alifika Brazil mwaka 1914. Huko ukoo wa Gracie ukakuza kinga ya miguu, ambayo kwayo aliyelala chali humzuia mwenye nguvu kumzidi. Hapa nchini, Mjapani Tsuyoshi Shimaoka alianza kufundisha judo Zanzibar katika miaka ya 1990.

Kinga imara hujengwa kwa hatua. Kwanza, mtoto ajifunze kuanguka: kidevu kifuani, mgongo umepinda, mkono ukipiga chini kwa kiganja. Pili, ajifunze kusogeza nyonga pembeni akiwa chali, kwani anayelala bapa kama mkeka hana kinga. Tatu, viwiko vibane mbavuni na magoti yawe kati yake na mwenziwe. Nne, nyayo zikae nyongani mwa mwenziwe, zimpime umbali. Hapo ndipo mwenziwe amsukume, polepole kwanza, kisha kwa nguvu zaidi; halafu wabadilishane nafasi. Kukaba shingo na kukunja viungo kusiingie kabisa katika shule ya msingi.

Yawezekana mwanachuo atauliza: je, katika shule kama za huku Migato, ambako mikeka ya judo haipatikani, tutafanyaje? Mchanga wa mto uliokauka, ukichimbuliwa na kuondolewa mawe na miiba, watosha. Darasa likiwa kubwa, jozi sita zicheze, wengine wakae duara na kutazama viwiko na nyonga za wenzao. Anayetazama kwa swali maalumu naye anajifunza.

Wapo wasemao kwamba mafunzo haya yatazaa wagomvi. Sisi twaona kinyume chake. Mgomvi hulelewa na mchezo ambao mshindi ni yule aangushaye tu. Katika zoezi la kinga, mdogo aliyestahimili dakika moja bila kuzidiwa naye ameshinda, na mkubwa amejifunza kupima nguvu zake.

Faida yake hupita uwanja wa michezo. Mtoto anayejua kwamba akianguka hataumia huthubutu kujaribu. Ndivyo ilivyo katika hesabu na kusoma: anayeogopa kuchekwa hanyanyui mkono. Mwalimu anayemwonyesha mtoto jinsi ya kukosea na kujisahihisha amempa kinga ya namna hiyo hiyo. Basi, mwanachuo, uendapo mazoezi ya kufundisha, kabla ya kudai ushindi kwa wanafunzi wako, wape kwanza mahali salama pa kuangukia.