Siba Angali Anahubiri

Habari ya Mefiboshethi sisi wachungaji tunaipenda, lakini tunaihubiri nusu. Tunafungua 2 Samweli 9, tunamweleza mjukuu wa Sauli aliyelemaa miguu yote miwili, tunaonyesha jinsi Daudi alivyomtoa Lo-debari akamketisha mezani pake, tunasema hii ndiyo neema, kisha kwaya inaimba na sadaka inatolewa. Ni mahubiri mazuri. Kasoro yake ni kwamba tunafunga Biblia mapema mno.

Tukiendelea hadi sura ya 16 tunamkuta Siba, mtumishi wa nyumba ile. Daudi anamkimbia Absalomu, na Siba anamtokea njiani na punda wawili waliotandikwa, mikate 200, zabibu, matunda na kiriba cha divai. Mfalme anamuuliza bwana wake yuko wapi. Siba anamsemea asiyekuwepo: amebaki Yerusalemu, anangoja arudishiwe ufalme wa babu yake. Daudi hakutuma mtu kwenda kuuliza. Pale pale barabarani akampa Siba mali yote. Ni katika sura ya 19 tu ndipo Mefiboshethi anapata kusema mwenyewe: kwamba alitaka kufuatana na mfalme, kwamba alihitaji punda kwa kuwa miguu haimbebi, na kwamba mtumishi wake alimdanganya kisha akamsingizia. Tangu siku mfalme alipoondoka hakuwa amekata ndevu wala kufua nguo. Hata hapo Daudi anamkatisha: yaishe, wewe na Siba gawaneni mashamba.

Tunasema wazi: kanisani kwetu Siba angali anahubiri, na mara nyingi amevaa joho. Kila tunaposimulia habari za watu wenye ulemavu bila wao wenyewe, na habari hizo zikatuletea sisi fedha na sifa, tunakula shamba la Mefiboshethi.

Tuanze na letu. Zaidi ya miaka kumi iliyopita, katika usharika mmoja tuliowahi kuuhudumia, tulifanya changizo la kiti mwendo kwa ajili ya binti wa miaka 13. Tulimbeba mpaka mbele ya madhabahu. Tukaeleza jinsi alivyozaliwa, jinsi baba alivyoikimbia nyumba kwa sababu yake, jinsi mama anavyombeba mgongoni. Binti akalia, na usharika ukalia. Mbuzi mmoja alinadiwa mara tatu. Picha ya binti ikaenda kwenye taarifa ya marafiki wetu wa ng'ambo, chini yake tukaandika kwamba analia kwa furaha, kisha ikaingia kwenye kalenda. Kiti kilinunuliwa, hilo hatulikani. Lakini hakuna aliyemuuliza kama anataka mambo ya baba yake yatangazwe mbele ya wenzake wa darasa la kipaimara. Na kalenda ile ilipotundikwa ofisini kwetu, ofisi yenyewe ilikuwa na ngazi nne mlangoni.

Jibu tunalijua, maana tumewahi kulitoa sisi wenyewe: nia ilikuwa njema, na bila simulizi watu hawatoi. Lina ukweli ndani yake. Watu huguswa na mtu, hawaguswi na orodha ya mahitaji. Lakini tujiulize. Mfanyabiashara wa usharika wetu akifilisika, je, tunambeba madhabahuni na kusoma madeni yake kwa kipaza sauti? Wazee wanaonana jioni, bahasha inapita kimya kimya, na akija kutoa ushuhuda baadaye anachagua mwenyewe aseme nini na aache nini. Kwa nini aibu ya mwenye uwezo ina pazia, na ya binti maskini mwenye ulemavu haina?

Amri ya nane tumeikariri sote katika Katekisimo Ndogo. Luther hakuridhika na kutosema uongo. Alifundisha kwamba tumtetee jirani, tumseme vizuri na kulichukulia jambo lake kwa upande ulio mwema. Mtu anaweza asiseme neno moja la uongo na bado akamvua jirani heshima yake mbele ya watu mia tatu. (Luther naye hakuishika kila siku. Walioandika mazungumzo yake ya mezani wanaeleza alivyomsema mtoto mmoja wa Dessau aliyekuwa tofauti na wengine, kwamba si binadamu na angetupwa mtoni. Baba yetu wa imani tunamheshimu, lakini huko hatumfuati.)

Asiwepo wa kusema kwamba haya ni maneno tu. Hapa Tanzania tumeona hadithi ikiua. Wauaji wa watu wenye ualbino, hasa kule Kanda ya Ziwa, hawakutumwa na njaa peke yake. Walitumwa na masimulizi: kwamba hao si watu kamili, kwamba hawafi bali hupotea, kwamba viungo vyao huleta utajiri. Masimulizi hayo yalisimuliwa na wengine juu yao kwa vizazi, na sisi tuliokuwa na mimbari kila Jumapili tulichelewa kuyapinga. Waliosaidia kuyavunja ni wenyewe, waliposimama na kusema. Al-Shaymaa Kwegyir aliteuliwa kuwa mbunge mwaka 2008. Mwaka 2010 wananchi wa Lindi Mjini wakampigia kura Salum Barwany. Hawakuingia bungeni ili waonewe huruma.

Na hapa tuna mtego mwingine, wa sisi tunaojiona tumeelimika. Tukishajifunza kusema "mtu mwenye ualbino" badala ya lile neno la zamani, tunadhani kazi imekwisha. Tuliwahi kumsahihisha ndugu mmoja, kupitia mkalimani wa lugha ya alama, tukamwambia asijiite kiziwi, ajiite mtu asiyesikia. Alicheka sana. Chama chao kinaitwa Chama cha Viziwi Tanzania. Neno hilo ni lao na hawajamwomba mtu awabadilishie. Tulikuwa tumemfundisha jina lake mwenyewe bila kumuuliza.

Tuliposoma chuo cha theolojia tulipewa zoezi la kuhubiri Yohana 9. Darasani alikuwamo mwenzetu asiyeona, aliyesoma kwa nukta nundu. Mmoja baada ya mwingine tulihubiri upofu wa kiroho, giza la dhambi, upofu wa mataifa, na yeye ameketi mstari wa pili anasikiliza. Zamu yake ilipofika hakuhubiri macho. Alihubiri majirani: wale waliomwona mtu huyo akiomba kila siku, na siku alipoacha kuomba wakashindwa kumtambua, wakabishana kama ni yeye au amefanana naye. Kisha akahubiri wazazi, waliowaambia Mafarisayo kwamba huyu ni mtu mzima, wamuulize mwenyewe. Wazazi wale walisema kwa kuogopa kufukuzwa katika sinagogi, si kwa ujasiri, alitukumbusha, lakini hata hivyo walisema neno la kweli. Sura ile tulikuwa tumeisoma tangu shule ya Jumapili, na hatukuwahi kuwaona majirani.

Twende kazini. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuhakikisha kwamba angalau asilimia 3 ni watu wenye ulemavu. Kanisa ni mwajiri mkubwa. Tuna shule, hospitali, vyuo na ofisi za dayosisi. Tuhesabu. Tusihesabu waliomo katika picha za idara ya Diakonia, tuhesabu waliomo katika orodha ya mishahara. Tunawaweka ukutani kwenye kalenda lakini hatuwaweki kwenye meza ya mhasibu. Baraza la wazee likikosa mtu, tunamtafuta mwalimu mstaafu, tunamtafuta mwenye gari, na tukimkumbuka mwenye fimbo nyeupe ni ili awe "mwakilishi wa walemavu", kana kwamba hana neno juu ya bajeti au juu ya mchungaji.

Kusimama na mtu kunatugharimu vitu ambavyo hatupendi kuviachia, cha kwanza kikiwa kipaza sauti. Kunatudai tuombe ruhusa kabla ya kusimulia, na kama mwenyewe akikataa, changizo lifanyike bila hadithi yake, hata likipata nusu. Kunatudai tumsomee tulichoandika na kumwonyesha picha kabla haijasafiri. Na kunatudai tuseme pale ambapo yeye hayupo na hakuna kamera: kituoni, konda anapomwambia dereva aondoe gari kwa kuwa kiti mwendo kitapoteza nafasi ya abiria wawili, na sisi tumo ndani tumeshika Biblia na kutazama dirishani.

Kabla ya kuandika haya tulimpigia simu yule binti, ambaye sasa ni mama mwenye familia yake. Tukamsomea aya inayomhusu. Aliruhusu iandikwe, bila jina, na akatusahihisha mambo mawili. Baba yake hakuikimbia nyumba. Alikwenda kutafuta kazi mgodini na alikuwa akituma fedha kila alipozipata, na habari za madhabahuni zilimfikia huko huko. Na yeye hakulia kwa furaha. Ibada ilikuwa ndefu, alikuwa amebanwa haja tangu tangazo la kwanza, na waliombeba walikuwa wanaume asiowajua.

Akauliza kama choo cha usharika siku hizi kinaingilika kwa kiti. Tukamwambia hatujui, tutaulizia.