VIWANJA VYA MIGODI NA VIWANJA VYA WANANCHI

Natumchukue rubani mmoja mwenye eropleni yake ndogo ya injini moja, anayesafiri kwa khiyari yake na kwa mali yake, si mtumishi wa kampuni wala si mgeni wa Serikali. Ameingia nchini kwa kiwanja chenye forodha, ameonyesha pasi yake, amepata kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na sasa ataka kutua Shinyanga. Kiwanja cha wananchi kipo Ibadakuli, nje ya mji. Anatua. Anafunga eropleni yake kwa kamba isije ikapinduliwa na upepo. Kisha husimama akatazama huku na huku, kwani hapana gari.

Hapa kwetu mtu akitua Kisauni, kabla hajamaliza kushuka ngazi amekwisha itwa "ndugu" na watu wanane wenye teksi, na bei imekwisha anza kubishaniwa. Twalalamika kwa udhia huo, walakini udhia huo ni uhai: maana yake ni kwamba kiwanja kimefungamana na mji, na ndege ikishuka yuko mtu mjini atakayekula kwa sababu hiyo. Mji wa Shinyanga haukukosa watu wa kazi hiyo. Ulikuwa na sifa nchi nzima kwa baiskeli zake za kuchukua abiria, ambazo wenyewe waliziita daladala, kabla pikipiki na bajaji hazijazipokonya riziki. Kilichokosekana ni ndege ya kumletea mtu huyo abiria. Kwa miaka mingi njia ya Ibadakuli ilikuwa ya changarawe, na mpango wa kuitia lami kwa mkopo wa Benki ya Uwekezaji ya Ulaya ulikaa miaka kwa miaka kabla kazi haijaonekana.

Je, ni kwa sababu ndege haziendi katika nchi ile? La hasha! Ndege zaenda, tena tangu zamani. Mwaka 1940 Mkanada aitwaye John Williamson aligundua almasi Mwadui, katika nchi hiyo hiyo ya Shinyanga. Akajenga mji wake ndani ya ua, wenye nyumba, hospitali, umeme, na kiwanja cha ndege. Mwaka 1947 jiwe la rangi ya waridi kutoka hapo likapelekwa zawadi ya harusi ya Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza. Williamson alifariki mwaka 1958, na mgodi ukanunuliwa na De Beers pamoja na Serikali ya kikoloni ya Tanganyika, nusu kwa nusu. Bendera zilibadilika, wenye hisa wakabadilika mara kadha wa kadha. Desturi ya ua na kiwanja ndani ya ua haikubadilika.

Ilipokuja zama ya dhahabu, desturi ile ile ikafuatwa. Mgodi wa Geita ulianza kazi mwaka 2000, na una kiwanja chake. Bulyanhulu una kiwanja chake. Buzwagi, karibu na Kahama, ulianza mwaka 2009 nao ukafanya vivyo hivyo. Mgeni wa mgodi hapati taabu ya yule rubani wetu. Gari lamngoja pembeni mwa njia. Huingia, mlango hufungwa, na baada ya dakika chache yuko kambini anakula chakula kilichopikwa kambini. Aweza kukaa mwezi mzima akaondoka bila ya kununua hata kikombe cha chai mjini.

Tusidhulumu. Kampuni ilijenga kiwanja kwa fedha zake, na yataka iwe na ulinzi. Viwanja hivyo vimetumika pia kuwachukua wagonjwa mahututi, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Wala hatuwafuati wale wasemao kuwa kila ndege iondokayo mgodini imejaa wizi. Afisa wa Serikali hushuhudia dhahabu ikipimwa na kutiwa lakiri. Na ugomvi mkubwa wa mwaka 2017, ule wa makontena 277 ya makinikia, haukuhusu angani hata kidogo. Mchanga ule ulikwenda kwa malori barabarani mpaka bandari ya Dar es Salaam, mchana kweupe, mbele ya macho ya kila mtu. Mwenye kutaka kuibiwa haibiwi kwa ndege tu.

Lawama yetu ni nyingine. Serikali iliona kampuni zinajijengea milango yao ya angani, ikaona hiyo ni nafuu kwake, ikalala. Ikasahau kwamba mlango wa mgodi hufungwa siku mgodi unapofungwa. Kahama imetufundisha. Ndege za abiria ziliruhusiwa kutua katika kiwanja cha Buzwagi, na wafanyabiashara wa Kahama wakapata kufika Dar es Salaam kwa saa badala ya kukesha ndani ya basi. Mwaka 2021 mgodi ukafungwa. Mji wenye biashara kubwa kama ule ukajikuta unauliza mustakbali wa mlango wake kwa mwenye nyumba anayefunga mizigo. Huko ndiko kulikoitwa kupata nafuu!

Na pale Serikali ilipoamka ikajenga wenyewe, ilijenga wapi? Mkoa wa Geita uliundwa mwaka 2012. Makao yake ni mji wa Geita, penye mgodi, penye soko la madini lililofunguliwa mwaka 2019, penye wachimbaji wadogo na wanunuzi wao. Kiwanja kikajengwa Chato, nyumbani kwa Rais wa wakati huo, marehemu Magufuli: njia ya kilomita tatu, kwa shilingi zipatazo bilioni 39. Wabunge wa upinzani waliuliza mwaka 2017, wakajibiwa kwa kejeli. Januari 2021 Waziri wa Mambo ya Nje wa China, Wang Yi, alipokewa Chato kwa heshima zote, na bila ya shaka gari hakukosa. Lakini mnunuzi wa dhahabu mwenye safari ya Geita, au yule rubani wetu, akitua hapo ana zaidi ya saa nzima ya barabara mbele yake, na nauli ya kumpeleka itamfanya ajute kuwa na mbawa. Marehemu tunamwombea maghfira. Hesabu za fedha za umma haziziki pamoja na mtu.

Tumeulizwa: yatuhusu nini sisi wa visiwani? Yatuhusu sana. Usafiri wa anga ni jambo la Muungano. Limeandikwa katika Katiba. Mikopo ya nje ni jambo la Muungano pia. Dhahabu na almasi si katika orodha hiyo. Basi tumeshirikishwa katika anga na katika deni, ila katika kile kinachopakiwa ndani ya ndege hatumo. Maadam tumo katika sharika hii ya nusu nusu, tuna haki ya kuuliza fedha iliyokopwa kwa jina la wote imejenga mlango wa nani. Na sisi tuliokuwa tukikimbilia ndege ya Pemba kabla jua halijatua twajua kuliko wengi nini maana ya kiwanja kilichosahauliwa.

Hatudai makubwa. Twadai kwamba leseni ya kila mgodi itamke wazi kiwanja kitakuwa cha nani siku kazi itakapokwisha, nayo itamkwe kabla ya jiwe la kwanza kuvunjwa. Twadai kwamba eropleni ndogo yenye kibali halali iweze kutua katika viwanja hivyo kwa ada inayojulikana, si kwa hisani ya meneja wala kwa kujuana na mlinzi. Twadai kwamba Ibadakuli pasiachwe kuwa na njia nzuri na lango tupu: pawe na petroli ya ndege ndogo, pawe na kituo cha teksi na bajaji, na vijana wa Shinyanga wapewe nafasi hapo bila ya kuuziwa vibali na wakubwa.

Na twamwuliza Waziri mwenye dhamana ya uchukuzi swali moja tu: katika viwanja vya migodi ya Shinyanga na Geita, ni vingapi ambavyo mwananchi wa kawaida aweza kupita langoni bila ya kuitwa na kampuni? Ajibu kwa idadi. Nafasi ya kulichapa jibu lake katika karatasi hii tumeiweka.